Chengachenga za ukumbini: je, kamera ya fremu kamili ndiyo dawa?

*"Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Tanga, huu ni mwaka wa tatu. Natumia Canon 700D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Ninayo pia 50mm f/1.8 lakini siitumii sana kwa sababu ukumbini inanibana, narudi nyuma mpaka nagonga viti vya wageni. Picha za mchana wateja wanazifurahia. Za usiku zinatoka na chengachenga, hasa usoni. Juzi mama wa bibi harusi aliniuliza mbona mwanawe ametoka kama amepakwa vumbi. Wenzangu wanasema tatizo ni kamera, ninunue DSLR ya fremu kamili. Nina akiba ya milioni mbili na laki tano, na kikoba wanaweza kunikopesha milioni moja zaidi. Muuzaji mmoja Dar ana 5D Mark III, 6D na Nikon D750, zote za mtumba, na anasema lenzi zangu zitafanya kazi bila shida. Wengine wananiambia DSLR zimeshakufa, nichukue zile zisizo na kioo. Nifanye nini?"*

Marahaba. Yule mama hakukosea, na wewe hukukosea kulichukulia neno lake kwa uzito. Harusi hairudiwi. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bodi gani ununue, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nataka tuelewane vumbi lile linatoka wapi, maana ukilijua chanzo chake utajua pia hela yako iende wapi kwanza.

Jibu langu kwa ufupi: fremu kamili, yaani kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa kuliko ya kwako, itakusaidia, na kwa kazi yako ni ununuzi wa maana. Lakini haitakusaidia kwa kiasi unachoambiwa, na ukimaliza akiba yote kwenye bodi ukabaki bila flashi na bila lenzi inayofaa, utarudi ukumbini na vumbi lilelile kwenye kamera ya bei kubwa zaidi.

Nianze na muuzaji, kwa sababu hapo pana hatari ya kupoteza hela moja kwa moja. Anaposema lenzi zako zitafanya kazi, nusu ya maneno hayo si kweli. Lenzi yako ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia zaidi) ni ya aina ya EF, nayo itaingia kwenye 5D Mark III au 6D na kufanya kazi yote. Ile ya 18-55 ni EF-S. Hiyo haiingii kabisa kwenye DSLR ya Canon ya fremu kamili. Sehemu yake ya nyuma inajitokeza ndani zaidi, na DSLR ni kamera yenye kioo ndani; cha fremu kamili ni kikubwa, kingeigonga kikijiinua, ndiyo maana Canon walitengeneza mdomo wake usishike. Angalia lenzi yako: ina alama ndogo ya mraba mweupe pale panapounganika na kamera. Mraba mweupe ni EF-S, nukta nyekundu ni EF. Na kwenye D750 hakuna lenzi yako hata moja itakayoingia. Ukichukua Nikon, unaanza upya.

Betri yako ya LP-E8 nayo haitatumika. Bodi zile mbili za Canon zinatumia LP-E6.

Sasa twende kwenye vumbi lenyewe. Watu wengi wanaamini chengachenga zinaletwa na ISO, kile kipimo cha kamera kuing'arisha picha: ukipandisha ISO, kamera inaharibu picha. Imani hiyo imewafanya wapiga picha wengi waogope kupita ISO 800, wapige picha zenye giza, halafu waende kuzing'arisha kwenye kompyuta. Matokeo yake ni mabaya kuliko wangepandisha ISO tangu mwanzo, hasa kwenye kamera kama yako. ISO inakuza tu kile ambacho sensa imekwisha kukipokea. Tatizo ni kwamba ilichopokea ni kidogo.

Mwanga hauji kama maji ya bomba, unakuja kwa chembe mojamoja, kama matone ya mvua. Weka vikombe vingi uani wakati wa manyunyu ya dakika moja: kimoja kitapata matone manane, cha jirani kumi na mbili, kingine tisa, ingawa mvua ni ileile. Ikinyesha mvua kubwa, vikombe vyote vinakaribia kulingana. Hesabu yake inajulikana: panapotarajiwa chembe 100, zitapungua au kuzidi kwa kama 10, yaani asilimia 10. Panapotarajiwa chembe 10,000, tofauti ni kama 100, yaani asilimia 1 tu. Tofauti hizo kati ya nukta na nukta jirani yake ndizo unazoziona kama vumbi. Kwa hiyo dawa ya chengachenga ni moja: mwanga zaidi ufike kwenye sensa. Kila kitu kingine tutakachozungumza ni njia ya kufikia hapo.

Na hapa kuna jambo ambalo majaribio ya kamera yanayofanywa kwa kupiga picha watu weupe hayakuambii. Ngozi yetu inarudisha mwanga mchache kuliko ngozi nyeupe, na mchache sana kuliko shela. Kwa hiyo kwenye picha ileile moja, shela inaweza kutoka safi kabisa na uso ukawa na vumbi, kwa kuwa uso umepokelewa kwa chembe chache zaidi. Mbaya zaidi, kipima-mwanga cha kamera kinadhani kila kitu mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Kikiona shela kubwa nyeupe kinasema "mwanga umezidi," kinapunguza, na uso wa bibi harusi unazama. Wewe unakuja kuunyanyua kwenye kompyuta, na vumbi linanyanyuka nao.

Unaweza kuanza kulirekebisha hili Jumamosi hii bila kununua kitu. Ukiwa na bibi harusi aliyejaa kwenye fremu, ongeza mwanga kwa kile kitufe chenye alama ya + na −, theluthi mbili hadi moja kamili juu ya sifuri, na utazame uso kwenye skrini, si gauni. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera) ili shela isiungue kabisa. Usiogope ISO 3200 kama uso unatoka na mwanga wake. Picha ya ISO 3200 yenye mwanga sahihi itakuwa safi kuliko ya ISO 800 iliyong'arishwa baadaye kwa nguvu. Shata, yaani muda ambao sensa inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/100 ya sekunde watu wanapocheza, la sivyo utatibu vumbi na kuleta ukungu wa kutikisika.

Sasa fremu kamili inaleta nini? Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, kipimo kilekile cha filamu ya zamani ya milimita 35. Sensa ya 700D yako ni milimita 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utapata eneo la milimita za mraba 864 dhidi ya 332. Kwa hiyo, pale ambapo lenzi imefunguliwa sawa na shata ni ileile, sensa kubwa inakusanya mwanga kama mara 2.6 ya ile yako. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya kweli: ISO 3200 kwenye fremu kamili itakaribia usafi wa kama ISO 1250 kwenye kamera yako. Bodi mpya zaidi zina sensa bora kidogo pia, lakini sehemu kubwa ya tofauti unayoiona ni ukubwa huo wa eneo.

Linganisha na lenzi. 18-55 yako ukiivuta hadi 55 inafunguka f/5.6 tu. Ile 50mm iliyolala kwenye begi inafunguka f/1.8. Tofauti kati ya hizo mbili ni mwanga karibu mara kumi. Mara kumi, kwenye kamera uliyonayo, na lenzi umeshailipia! Ndiyo maana nasema kwanza lenzi, halafu bodi.

Najua utasema inakubana ukumbini, na ni kweli. Kwenye 700D, 50mm inaona kama lenzi ya 80mm, yaani eneo finyu zaidi. Hapo ndipo fremu kamili inapokufaa kwa namna ambayo pengine hakuna aliyekuambia: 50mm hiyohiyo ukiiweka kwenye 6D inarudi kuwa 50mm halisi, utapata watu wawili na keki bila kugonga viti. Ukilinganisha na leo unapotumia 18-55 pale katikati kwenye f/4 au f/4.5, 6D na 50mm kwenye f/1.8 zitakusanya mwanga zaidi ya mara kumi kwa picha yenye upana huohuo. Kwa mtu mwenye lenzi uliyo nayo wewe, hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kununua fremu kamili.

Lakini ipo gharama yake. Kwenye f/1.8 na sensa kubwa, sehemu iliyo kali kwenye picha, yaani kina, inakuwa nyembamba mno. Ukimkaribia bibi harusi, jicho moja litakuwa kali na sikio limeyeyuka. Kwa picha ya peke yake inapendeza. Kwa picha ya familia, mistari mitatu ya wajomba na mashangazi, ni balaa. Hapo utafunga lenzi hadi f/5.6 au f/8, na kwa kuwa sensa kubwa ina kina kidogo kwa upana uleule wa picha, utalazimika kufunga zaidi kuliko ulivyofanya kwenye 700D. Ukifunga kiasi cha kupata kina kilekile, ile faida ya mara 2.6 inakwisha yote. Haya hayasemwi na wauzaji: fremu kamili inashinda gizani pale tu unapokubali kina chembamba. Picha ya kundi usiku haiokolewi na sensa. Inaokolewa na flashi.

Jambo jingine la haki kulisema ni kwamba ukibaki na 700D ukaipa lenzi ya zumu yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho, kama Sigma 17-50 au Canon EF-S 17-55, utakaribia sana mtu mwenye 6D na zumu ya kawaida ya 24-105 f/4. Kwa hesabu ya mwanga na kina, f/2.8 kwenye sensa yako inalingana na kama f/4.5 kwenye fremu kamili. Kati ya f/4.5 na f/4 hakuna mteja atakayeona tofauti. Kwa hiyo mtu anayenunua bodi kubwa na kuifunga zumu ya f/4 amelipa sana kwa kupata kidogo. Ila lenzi hizo mbili zimetengenezwa kwa sensa ndogo, hazitakufaa siku ukihamia fremu kamili. Kama una hakika utahama ndani ya mwaka, usizinunue.

Taa za rangi nazo. Najua kumbi za siku hizi: zambarau, buluu, waridi, zinabadilika kila sekunde. Sensa ina vichujio vidogo juu ya nukta zake: nusu ya kijani, robo nyekundu, robo buluu. Chini ya taa ya buluu tupu, ni ile robo tu inayofanya kazi vizuri, nyingine zinakaribia kuwa gizani. Uso unatoka bapa, wenye doa la rangi, na vumbi tele. Fremu kamili haitibu hilo, hata ya mamilioni kumi. Kinachotibu ni kuongea na watu. Fika mapema, mtafute mtu wa taa na MC, uwaombe taa nyeupe au ya manjano kwa nyakati nne: maharusi kuingia, keki, kulishana, na dansi yao ya kwanza. Ukiileza kamati kwamba ni kwa ajili ya picha za bibi harusi, ni nadra kukataliwa.

Baada ya maneno hayo, nunua flashi. Si ile ndogo inayochomoka juu ya 700D (na ujue 6D na 5D Mark III hazina hiyo kabisa), bali flashi ya kupachika juu, yenye kichwa kinachogeuka. Godox wana za bei nafuu zinazoaminika, na mbili za aina moja ni bora kuliko moja ya jina kubwa. Igeuze kichwa, mwanga ugonge dari au ukuta mweupe ulio nyuma yako na kurudi ukiwa laini. Angalia juu kwanza, kwani kumbi nyingi dari limefunikwa vitambaa vya mapambo, na mwanga ukigonga kitambaa cha waridi utarudi wa waridi kwenye nyuso za watu. Hapo tafuta ukuta, au tumia kibao cheupe juu ya flashi. Weka ISO 1600, f/4, shata 1/100, ili flashi iangaze nyuso na taa za ukumbi zibaki zikionekana nyuma. Watu wanaochukia flashi mara nyingi wamezoea ile iliyoelekezwa usoni kwenye ISO 100, inayogeuza ukumbi wote kuwa shimo jeusi.

Flashi ina faida moja zaidi katika hali yako: utaitumia leo kwenye 700D na kesho kwenye 6D au 5D Mark III utakayonunua. Hakuna shilingi inayopotea.

Basi fremu kamili inahitajika wapi? Inahitajika pale usiporuhusiwa kuwasha flashi, au pale flashi inapovunja heshima. Nikahi inayofungwa msikitini baada ya isha. Misa ya ndoa ambapo padri amekataza. Chumba ambamo bibi harusi anapakwa hina, taa moja, akina mama wamemzunguka na hawataki kumulikwa. Wewe kama ni mwanamke unaingia mahali ambapo wanaume hawaingii, na kazi hizo za ndani Tanga ni nyingi. Pale mwanga wa mara 2.6 ni tofauti kati ya picha ya kuweka ukutani na ya kufuta. Kama kazi zako nyingi ni za hivyo, nunua. Kama nyingi ni ukumbini, flashi na 50mm vitakupeleka mbali kabla hujahitaji bodi.

Kati ya zile tatu za muuzaji, nitakuambia ninavyoziona. D750 ya mwaka 2014 ina sensa bora kuliko za Canon mbili hizo katika kunyanyua vivuli, ina nafasi mbili za kadi za SD na fokasi nzuri gizani. Ungekuwa unaanza bila lenzi hata moja ningekuambia uichukue, ukiangalia tu kama ile moja iko kwenye kundi ambalo Nikon walitangaza kuanzia mwaka 2015 kuwa watabadilisha shata zake. Lakini wewe una Canon na akiba yenye mpaka.

5D Mark III ya mwaka 2012 ni kamera ya harusi hasa: nukta 61 za fokasi, mwili mgumu, nafasi mbili za kadi. Kadi mbili maana yake picha moja inaweza kuandikwa mara mbili, kadi moja ikifa harusi haifi nayo. Hasara ni kwamba nafasi moja ni ya CF, kwa hiyo utanunua kadi za CF na kisomeo chake. Na kwa kuwa wengi wamezitumia kwa kazi za kulipwa, nyingi sokoni zimechoka.

6D nayo ni ya 2012, nyepesi, inatumia SD kama unazotumia sasa, na usafi wake gizani haupungui mbele ya 5D Mark III. Fokasi yake ni dhaifu pembeni: nukta 11 tu, na ile ya katikati ndiyo ya kutegemea, lakini hiyo ya katikati inashika kwenye giza zito kweli. Ina kadi moja. Kwa akiba yako ningechukua 6D, ili hela ibaki kwa flashi mbili na lenzi moja pana, 35mm f/2 au ile 24-105 kama unapenda zumu kwa mchana. Kwa hatari ya kadi moja, tumia kadi ndogondogo, ubadilishe baada ya kila tukio, na usifute hata moja mpaka picha ziwe zimenakiliwa sehemu mbili.

Wala usiuze 700D. Iweke 50mm uivae begani upande mmoja kama lenzi ya 80mm kwa nyuso, na 6D yenye lenzi pana upande wa pili. Utaacha kubadilisha lenzi katikati ya vumbi la dansi, na ikitokea bodi moja imezima saa tatu usiku, kazi itaendelea.

Kuhusu kufa kwa DSLR: ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya ya fremu kamili, na hawaonyeshi nia ya kurudi. Lakini kamera iliyoko mkononi mwako haifi kwa sababu kiwanda kimehamia kwingine. Kilichotokea ni kwamba wenye hela wamehama na bodi nzuri zimeshuka bei, jambo linalokufaa. Lenzi zako za EF nazo hazipotei: ukihamia EOS R, yaani kamera za Canon zisizo na kioo, siku moja, zitafanya kazi kwa kiunganishi cha Canon bila kupoteza fokasi wala ubora. Kamera zisizo na kioo zinashinda sana kwenye kitu kimoja kinachokuhusu, fokasi inayotafuta jicho yenyewe, ambayo kwenye f/1.8 ni raha kubwa. Zinashinda pia kwenye video. Kama nusu ya mapato yako inatokana na video, badili jibu langu lote na uweke akiba ya hizo. Kwa upande wa pili, 6D kwa vipimo vya kiwanda inapiga picha zaidi ya 1,000 kwa betri moja, wakati EOS RP, ambayo ni ya bei nafuu kati ya fremu kamili za Canon zisizo na kioo, imepimwa picha 250 hivi. Kwa harusi inayoanza asubuhi saluni na kuisha saa sita usiku, umeme ukikatika katikati, hilo si jambo dogo.

Ukienda kuikagua, nenda mchana, na kadi yako, lenzi yako ya 50mm, tochi na kompyuta. Shata ya 6D ilipimwa kiwandani kwa picha 100,000, ya 5D Mark III 150,000. Hizo si tarehe za kufa, nyingi hupita hapo, lakini zinakupa nguvu ya kupunguza bei. Kwenye Nikon idadi ya picha ambazo shata imeshapiga inasomeka ndani ya faili la picha. Kwenye Canon hizi mbili haimo. Inasomwa kwa waya na programu maalumu. Muuzaji akikutajia idadi bila kukuonyesha, ihesabu kama hujaambiwa.

Funga lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, uikuze kwenye kompyuta: nukta nyeusi zenye ukungu ni vumbi la kawaida linalosafishika, mikwaruzo haisafishiki. Piga moja na kifuniko kimefungwa kwenye ISO 3200 uone nukta zinazong'aa. Kisha jaribu fokasi: panga betri tatu mezani kwa mshazari, lenga ya kati kwa f/1.8, uone kama ndiyo iliyo kali. Katika DSLR fokasi inapimwa na kifaa kingine chini ya kioo, kwa hiyo kamera iliyowahi kuanguka inaweza kulenga mbele au nyuma kila mara. 6D na 5D Mark III zote zina marekebisho ya hilo kwenye menyu. Kosa likizidi marekebisho hayo, iache.

Halafu chumvi. Sisi wa pwani tunajua. Fungua mahali pa betri, angalia vyuma vya kushika flashi juu, na skrubu za chini. Kutu ya kijani au nyeupe hapo ni kamera iliyokaa na hewa ya bahari bila matunzo, au iliyoingia maji. Kwa lenzi yoyote unayonunua, pitisha tochi upande mmoja utazame upande wa pili: nyuzi kama za buibui ni kuvu. Kuvu ikishakula rangi ya kioo haitoki, na tuliyo nayo Tanga hewa ya unyevu mwaka mzima inailea. Lenzi zako uziweke kwenye boksi linalofunga na vifuko vya kunyonya unyevu, si kwenye begi la ngozi kabatini.

Dai risiti yenye namba ya bodi na jina la duka. Bodi isiyo na boksi, isiyo na chaja, na bei inayoshangaza mara nyingi imetoka mikononi mwa mtu anayeilia mahali.

Kabla ya yote hayo, azima au kodi 6D kwa harusi moja kutoka kwa mwenzako. Piga matukio yaleyale kwa bodi zote mbili kwa 50mm, na baadhi kwa flashi, baadhi bila. Picha zako mwenyewe za ukumbi wako mwenyewe zitakuambia kuliko mimi.

Mkopo wa kikoba usiuguse kwa ajili ya bodi. Bodi inashuka thamani kila mwezi wakati riba inapanda. Akiba yako inatosha flashi sasa, na bodi ya mtumba ukiipata iliyo nzima. Kama ni lazima ukope siku moja, kopa kwa lenzi nzuri, inayoshika bei na itakayokuvusha bodi mbili au tatu.

Na vipo vitu ambavyo havitatuliwi kwa maandishi. Sensa ikiwa na uchafu ambao pumzi ya mpira haiutoi, usiiguse kwa kitambaa wala pamba, mpelekee fundi wa kamera. Si fundi simu, hata kama ni hodari. Vivyo hivyo kwa kuvu iliyo ndani ya lenzi, kioo kinachokwama, na fokasi iliyopotoka kupita marekebisho ya menyu. Kama Tanga hakuna unayemwamini, mwulize mpiga picha wa magazeti au wa studio ya zamani anampelekea nani vyake, na uende naye huyo fundi unapokwenda kumwona muuzaji wa Dar. Ujira wa saa moja ya macho yake ni mdogo kuliko bei ya kosa.